Swali Lililo Nyuma ya Uzushi

Mapema mwaka 2020, habari za virusi vya korona zilifika Afrika Mashariki kabla ya virusi vyenyewe. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 13 na Tanzania Machi 16. Kufikia siku hizo, simu za wengi zilikuwa zimekwisha kupokea maelekezo kamili ya kujikinga na kujipima: kunywa maji ya moto ili virusi vishuke tumboni na kufia humo, kutafuna kitunguu saumu, kuzuia pumzi kwa sekunde 10 na, ukiweza bila kukohoa, kujihesabu mzima wa mapafu. Wengine walihakikishiwa kuwa mtu mweusi haupati ugonjwa huo. Baadhi ya jumbe zilibandikwa majina ya vyuo vikuu vya ng'ambo, ya madaktari wa Japani, hata la UNICEF, ilhali wenye majina hayo hawakuzitoa.

Februari 15 mwaka huo, akihutubia mkutano wa usalama mjini Munich, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitahadharisha kwamba dunia ilikuwa ikikabili milipuko miwili kwa pamoja: wa ugonjwa na wa taarifa. Alichokizungumzia ni wingi wa habari, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganyika, kiasi cha mtu kutojua ashike lipi na aache lipi wakati anapohitaji mwongozo kuliko wakati mwingine wowote.

Miaka iliyofuata imewapa wataalamu wa afya nafasi ya kutafakari yaliyotokea. Funzo moja linajitokeza katika nchi na magonjwa mbalimbali: uzushi unaodumu mara nyingi umebeba ndani yake swali halali ambalo halikujibiwa kwa wakati. Anayeukemea uzushi bila kulijibu swali hilo huuacha ukiwa hai.

Kwa nini uongo hutangulia

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mitandao ya kijamii imeirefusha njia hiyo. Mwaka 2018, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa katika mtandao wa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017. Uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa tena ulizidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70. Ili kuwafikia watu 1,500, habari ya kweli ilihitaji takriban mara sita ya muda uliotumiwa na ya uongo. Watafiti walipoziondoa akaunti zinazoendeshwa na programu za kompyuta, tofauti hiyo ilibaki palepale. Wasambazaji walikuwa binadamu. Uongo ulikuwa mgeni zaidi masikioni mwao, nao uliamsha mshangao, hofu na karaha.

Katika Afrika Mashariki, uzushi mwingi ulipita WhatsApp, ndani ya makundi ya ukoo, ya kikoba, ya kwaya na ya waliosoma pamoja. Mazingira hayo yana nguvu ya pekee. Sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana, anayejitambulisha kuwa daktari, ikipokewa kutoka kwa shangazi hupokewa kwa imani ile aliyonayo mtu kwa shangazi yake. Mazungumzo hayo ni ya faragha, hivyo ofisa wa afya wa wilaya hawezi kujua ni maneno gani yanazunguka mpaka yatakapojitokeza kliniki kama hofu au ukaidi.

Aprili 2020, WhatsApp iliweka kikomo: ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi uliweza kutumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Kampuni hiyo ilieleza kuwa usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulipungua kwa takriban asilimia 70. Kumbe ugumu mdogo tu wa kusambaza hupunguza kasi. Hata hivyo, ugumu huo haugusi sababu inayomfanya mtu asambaze. Shangazi husambaza kwa upendo. Amesikia jambo linaloweza kuwaokoa wanawe, naye angejilaumu kama angelinyamazia.

Upande wa pili, sayansi ilikwenda kwa mwendo wake, na wakati mwingine ilibadili kauli. Mwanzoni WHO haikuwashauri watu wote kuvaa barakoa. Juni 5, 2020 ilitoa mwongozo mpya uliopendekeza barakoa kwa umma katika maeneo yenye maambukizi mapana na mahali ambapo watu hawawezi kukaa mbalimbali. Kwa mtafiti, kubadili ushauri ushahidi unapobadilika ni uaminifu. Kwa mwananchi ambaye hakuelezwa tangu mwanzo kwamba ushauri ule ulikuwa wa muda, mabadiliko hayo yalionekana kuwa kigeugeu.

Ukimya nao ulikuwa na athari zake. Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa mapema mwezi Mei 2020, takwimu zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Zaidi ya mwaka ulipita kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuchanjwa hadharani jijini Dar es Salaam, Julai 28, 2021, na kuzindua chanjo nchini. Katika kipindi hicho watu hawakuacha kuuliza. Waliendelea kuuliza, na aliyekuwa tayari kuwajibu kila saa ni simu zao.

Punje ya ukweli

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii inaeleza vyema namna watu wanavyoupima uvumi: haudhaniwi kuzuka bure. Na mara nyingi ndani yake imo punje ya ukweli, ingawa imefunikwa na makapi mengi.

Uvumi kwamba chanjo ya UVIKO-19 huambukiza VVU ni mfano. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilitengeneza chanjo ya majaribio iliyotumia kipande kidogo cha protini ya VVU ili kuishikiza protini ya virusi vya korona katika umbo linalofaa. Kipande hicho hakikuweza kumwambukiza mtu yeyote. Lakini baadhi ya waliojitolea katika jaribio walitengeneza kingamwili dhidi ya kipande hicho, na vipimo vya haraka vya VVU vikatoa majibu ya uongo kwamba wana maambukizi. Desemba 2020 chanjo hiyo iliachwa, kwa kuhofia kuvuruga upimaji wa VVU na imani ya watu. Kilichobaki mitandaoni ni nusu ya habari: chanjo, VVU, majibu chanya. Mtoa huduma anayeijua habari nzima anaweza kumweleza mgonjwa kilichotokea. Asiyeijua atasema tu "huo ni uongo", na mgonjwa aliyesoma habari hiyo katika gazeti la kuaminika atamwona daktari kuwa ndiye mficha ukweli.

Punje nyingine ni za kihistoria. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilifanya jaribio la dawa kwa watoto wapatao 200. Lilizua kesi za miaka mingi kuhusu ridhaa ya wazazi, na mwaka 2009 kampuni iliafikiana na Jimbo la Kano kulipa fidia. Aprili 2020, madaktari wawili wa Kifaransa walijadili kwenye televisheni uwezekano wa kufanyia Afrika utafiti wa kinga dhidi ya virusi vya korona, kwa maneno yaliyoamsha hasira barani kote, Dkt. Tedros mwenyewe aliyalaani. Mtu anayesema "wanataka kutufanyia majaribio" huenda amekosea kuhusu chanjo iliyo mbele yake, lakini hakuliokota wazo hilo hewani. Jibu linalomfaa ni kuelezwa nani aliipima chanjo, nani aliiidhinisha, nani mwingine anaichanjwa, na ana haki gani ya kukataa.

Mjadala wa mitishamba nao ulikuwa na punje yake. Aprili 2020 Madagaska ilizindua kinywaji kilichotengenezwa kwa mmea wa Artemisia, na mwezi uliofuata Tanzania ilituma ndege kukichukua. Waliokishangilia walikuwa na hoja: mmea huo ndio chimbuko la artemisinini, dawa iliyobadili tiba ya malaria na kumpatia mwanasayansi wa China, Tu Youyou, Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini artemisinini iliingia hospitalini baada ya kutengwa kutoka kwenye mmea, kupimwa kiwango chake, kujaribiwa kwa wagonjwa na kuunganishwa na dawa nyingine. Kwa sababu hiyohiyo WHO haipendekezi chai ya mmea huo kutibu malaria hadi leo. Swali la wananchi lilikuwa: kwa nini tiba zetu zidharauliwe? Jibu la haki ni kwamba dawa ya asili inaheshimiwa inapopimwa kwa mizani ileile inayopimia dawa ya kiwandani.

Mizani hiyo iliwakata wengi kauli. Haidroksiklorokwini ilisifiwa duniani kote kutokana na utafiti mdogo wa Ufaransa wa Machi 2020, uliohusisha wagonjwa wasiofika 50. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, liliwapa dawa hiyo wagonjwa zaidi ya 1,500 na kuwalinganisha na wengine waliopata huduma ya kawaida. Mwanzoni mwa Juni ilibainika kuwa haikupunguza vifo. Katikati ya mwezi huohuo, jaribio hilohilo lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwepo kwa miongo mingi, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia.

Gharama yake

Nchini Iran, katika miezi ya mwanzo ya janga, uvumi kwamba pombe huua virusi mwilini uliwafanya watu kunywa methanoli, aina ya spiriti yenye sumu. Mamia walikufa na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Mjini Lagos, Machi 2020, hospitali zilipokea watu waliodhuriwa na klorokwini waliyojinywesha wenyewe baada ya kuisikia ikisifiwa na Rais wa Marekani, Donald Trump. Katika nchi kadhaa, wagonjwa wa lupasi wanaoitegemea haidroksiklorokwini waliikosa madukani. Mjini Birmingham, Uingereza, hospitali ya watoto iliripoti ongezeko la watoto walioungua kwa maji ya moto ya kujifukizia.

Madhara hayo yanaonekana kwa macho. Yapo mengine yasiyoonekana: siku zinazopotea. Mgonjwa wa UVIKO-19 anaweza kupungukiwa oksijeni kwenye damu kabla hajahisi kubanwa pumzi. Kila siku anayokaa nyumbani akijifukiza kwa matumaini ni siku ambayo kifaa kidogo cha kubana kidoleni kingeweza kuonyesha hatari. Hapo ndipo ule msemo wa mficha maradhi, kwamba kifo humuumbua, unapopata sura mpya: wengi hawakuficha maradhi, waliaminishwa kwamba wameshayatibu.

Kuhusu chanjo, utafiti uliochapishwa Februari 2021 katika jarida la Nature Human Behaviour ulipima athari hiyo Uingereza na Marekani. Miongoni mwa waliokuwa wamesema watachanjwa bila shaka, kuonyeshwa habari potofu kulipunguza nia hiyo kwa takriban pointi 6 za asilimia. Katika taifa kubwa, kiasi hicho ni mamilioni ya watu.

Funzo kutoka Beni na Butembo

Kabla ya UVIKO-19, wazungumzaji wa Kiswahili wa Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walikuwa wamepitia mtihani kama huu. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 uliua watu zaidi ya 2,200 katika eneo lililochoshwa na vita. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 mjini Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne aliamini kuwa Ebola haipo. Ni chini ya theluthi moja walioamini kwamba viongozi wa eneo lao walijali maslahi yao. Waliokosa imani hiyo na walioamini uvumi ndio waliokuwa wazito zaidi kukubali chanjo au kutafuta tiba.

Uvumi mmoja ulidai kwamba miili iliyofungwa katika mifuko ya maziko salama iliondolewa viungo, au kwamba mifuko ilijazwa mawe. Kulikanusha dai hilo redioni hakukutosha. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikusanya maoni ya wakazi nyumba kwa nyumba, wakatambua kwamba familia zilikuwa zikiuliza jambo rahisi na la kibinadamu: tunazika nani? Mifuko yenye sehemu ya kuonea ikaanza kutumika, ili ndugu wamwone marehemu wao. Kwa wagonjwa walio hai, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya kutibia vyenye kuta za plastiki angavu, ambamo mgonjwa na familia yake waliweza kutazamana na kuzungumza. Swali lilijibiwa kwa jicho.

Katika chumba cha daktari

Yapo mambo ambayo mtoa huduma mmoja hawezi kuyabadili: sera za kampuni za mitandao, au kauli za wanasiasa. Lakini dakika chache za mazungumzo na mgonjwa ziko mikononi mwake, na ushahidi unaonyesha kuwa watoa huduma za afya ni miongoni mwa watu wanaoaminiwa zaidi katika masuala ya chanjo.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza hadi mwisho. Mama anaposema, "Nesi, nimesikia chanjo hii inafunga kizazi," kicheko cha muuguzi humaliza mazungumzo. Swali "Mama, umesikia nini hasa, na kipi kinakutia hofu zaidi?" huyafungua. Pengine ataeleza kuwa jirani yake alichanjwa na hedhi yake ikachelewa. Hapo muuguzi ana la kusema. Wanawake wengi walitoa taarifa kama hiyo mwaka 2021 na baadhi yao wakapuuzwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Januari 2022, uliohusisha wanawake karibu 4,000, ulionyesha kuwa walikuwa sahihi: mzunguko ulirefuka baada ya chanjo, kwa wastani wa chini ya siku moja, na badiliko hilo lilikuwa la muda. Utafiti mwingine wa mwaka huo, miongoni mwa wenza waliokuwa wakitafuta mtoto Marekani na Kanada, haukuona chanjo ikipunguza uwezekano wa kupata mimba. Jibu hilo linakubali alichokiona jirani na kuiondoa hofu iliyojengwa juu yake.

Hatua ya pili ni kupanga maneno. Anza na ukweli, kwa sentensi fupi. Utaje uzushi mara moja tu, ukieleza ni wapi unapopotosha. Kisha malizia kwa kuurudia ukweli, kwani kinachorudiwa ndicho kinachokumbukwa, hata kikiwa kinakanushwa.

Hatua ya tatu ni kusema wazi lisilojulikana na madhara yaliyopo. Chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson zilihusishwa na mgando wa damu wa nadra sana lakini wa hatari; Aprili 2021 Marekani ilisimamisha ya pili kwa siku 10 ili kuchunguza. Mgonjwa aliyeambiwa jambo hilo na muuguzi wake, pamoja na dalili za kuangalia, hatashtushwa na video atakayotumiwa kesho. Aliyeambiwa "haina madhara yoyote" atahesabu kwamba alidanganywa, na hatauliza tena.

Mwisho, kituo chenyewe kinaweza kuweka daftari la maswali. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito, mfamasia wa dirishani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wakiandika kila wiki uvumi waliousikia, mganga mfawidhi ataujua ungali mchanga. Jibu moja lililokubaliwa na wote huzuia mgonjwa kupewa majibu matatu yanayopingana katika jengo moja.

Kabla ya kusambaza

Mgonjwa na familia yake nao wana sehemu yao. Ujumbe wa afya unapofika, yafaa kujiuliza: nani ameutoa kwanza, na je, upo katika ukurasa rasmi wa taasisi inayotajwa? Una tarehe? Unauza kitu? Unamhimiza mtu aache dawa au asiende hospitali? Unamtaka asambaze haraka kabla haujafutwa? Ukiwa na dalili hizo, usubiri. Hakuna mgonjwa atakayedhurika kwa ujumbe wa namna hiyo kuchelewa saa chache, na wapo waliodhurika kwa kuwahi kufika.

Dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu na VVU zisiachwe kwa sababu ya ujumbe wowote. Anayetumia mitishamba pamoja na dawa za hospitali amweleze daktari bila hofu, kwa kuwa baadhi huingiliana. Na anayepumua kwa shida, mwenye maumivu ya kifua yasiyokoma au anayeanza kuchanganyikiwa awahishwe kituoni, hata kama amekwisha kujifukiza na kuhisi nafuu.

Katika kundi la familia, anayekosoa amfikirie anayekosolewa. Kumwaibisha mzee mbele ya wajukuu humfanya aushikilie uzushi ili kulinda heshima yake. Ni bora kumpigia pembeni: "Shikamoo bibi, nimeuona ule ujumbe, nikamuuliza nesi, akanieleza hivi." Mara nyingi bibi mwenyewe ndiye atakayerudi kundini kusahihisha.

Milipuko haijakoma. Virusi vya Marburg vilithibitishwa mkoani Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, na Agosti 2024 WHO iliutangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Kila mara maneno yatawahi kufika kuliko wataalamu. Atakayeaminiwa siku hiyo ni yule ambaye, katika siku za kawaida, aliulizwa kuhusu kikohozi cha mtoto au kidonge kilichobadilika rangi, akatulia na kujibu.